Mistari ya Mchana

9 Machi

Daktari amesema niandike kila siku: nimeamkaje, jicho limefunguka au limelala, mikono imedumu mpaka wakati gani. Mama mkwe, aliyekuwa ameketi pembeni amekumbatia mkoba wangu kana kwamba utakimbia, akaongeza na lake: "Na kila siku andika kitu kimoja cha kushukuru, mwanangu. Ugonjwa usije ukajiona ndio mwenye daftari." Kwa hiyo nina wakubwa wawili na daftari moja.

Basi niseme. Mimi ni msusi. Saluni yetu ni chumba kimoja chenye bati na vioo viwili. Wifi yangu, dada wa mume wangu, ana kiti cha karibu na mlango, mimi nina kiti cha dirishani. Toka mwaka uanze, asubuhi naamka mzima na jioni narudi nusu mtu. Jicho la kushoto linafunga duka mapema. Mikono ikikaa juu muda inashuka yenyewe, bila ruhusa yangu. Mwanzoni nilidhani ni uchovu, kisha nikadhani ni uzee, kisha nikaacha kudhani nikaja hospitali.

Leo daktari kanifanyia kituko. Kajaza barafu ndani ya glavu, akaniwekea juu ya jicho, akasubiri. Alipoiondoa, jicho likafunguka lote, peupe. Mama mkwe akapiga makofi. Daktari hakupiga makofi, akaandika kitu, akaagiza damu itolewe na kifua kipigwe picha. Ni mama mmoja mpole, anaongea polepole mno, neno moja leo na la pili kesho. Nimempa jina la Taratibu.

Shukrani ya leo: barafu.

10 Machi

Mvua ya kwanza. Ubaridi umeingia saluni na mikono imedumu mpaka baada ya chakula. Shukrani ya leo: mvua.

13 Machi

Muuza viatu, mteja wangu wa miaka mingi, ameniuliza kama nina neno naye. "Naona unanibinulia mdomo toka nimekaa," akaniambia kwenye kioo. Maskini, nilikuwa natabasamu. Ndivyo tabasamu langu linavyotoka siku hizi, pembe za mdomo zinagoma kupanda na mdomo wa juu unanyanyuka katikati peke yake. Nilimweleza, hakuamini, nikamwomba wifi anitetee.

Wifi akasema bila kugeuka, "Huyo ndivyo anavyofurahi sasa. Ukimwona kanyoosha uso ndiyo ujue kakasirika."

Tukacheka wote watatu, mimi kwa macho. Wifi amefunga kitambaa kichwani tena leo, wiki nzima sasa. Si kawaida yake. Huyu ni mtu anayependa kuonyesha kichwa.

Shukrani ya leo: wifi ana mdomo.

17 Machi

Majibu yametoka. Mume wangu amenisindikiza. Yeye ni fundi wa pampu za maji na watu wote wanamwita Kimya, kwa sababu pampu zinaongea kumzidi.

"Misuli yako haina kosa," Taratibu akaanza. "Ubongo unaagiza mkono unyanyuke. Agizo linapita kwenye mshipa wa fahamu, linafika mlangoni mwa msuli, linakuta tundu la ufunguo limezibwa."

"Limezibwa na nani?"

"Na kingamwili zako mwenyewe. Zile za kupambana na vijidudu. Zimekosea adui."

Nikauliza zinatoka wapi. Akasema zinatengenezwa na chembe za kinga, na kwamba chembe hizo zina mahali zinapokutana. Kwa watu wengi wenye ugonjwa wangu mahali penyewe ni hapa, akagonga mfupa wa kifua chake. Nyuma ya mfupa huo kuna tezi. Utotoni ni kubwa, ni kama chuo, ndimo baadhi ya chembe za kinga zinafundishwa nani wa nyumbani na nani mgeni. Ukubwani inatakiwa isinyae na kustaafu. Yangu haijastaafu, imevimba.

"Kwa hiyo chuo kimegeuka genge," nikasema.

Akacheka, taratibu. "Umenipunguzia kazi ya kueleza."

Mpango ni vidonge vya kunipa nguvu kwa sasa, na nikishaimarika, kuitoa tezi. Nilipomweleza wifi aliacha kuchana nywele za watu. "Yaani wanakutana ndani ya kifua chako mwenyewe kukusengenya? Hawana hata aibu."

Shukrani ya leo: kitu kina jina. Na Kimya, njiani kurudi, alinishika mkono barabarani mchana kweupe.

18 Machi

Vidonge vinafanya kazi. Nimetafuna nyama hadi mwisho. Shukrani: meno na misuli yake.

20 Machi

Mvua asubuhi, jua mchana, jicho halina msimamo. Shukrani: mawingu yamerudi jioni.

24 Machi

Mwalimu wa shule ya msingi alikuja asubuhi akitaka misuko midogo midogo, kichwa kizima. Nilitaka kukataa. Lakini huyu nimemsuka toka hajaolewa, na alishakaa kwenye kiti cha dirishani kabla sijafungua kinywa.

Kiti chenyewe ni cha mbao, kirefu. Zamani nilikipenda kwa urefu wake, mteja anatazama barabara nami siinami. Sasa kila mstari nanyanyua mikono kama mtu aliyeamriwa ajisalimishe.

Nilianzia kulia. Mvua ilikuwa inapiga bati, vidonge vilikuwa vimeingia, nikasuka kama mimi. Adhuhuri mvua ikakata. Nikapumzika, nikarudi, nikapumzika tena. Mchana vidole vikawa vya mtu mwingine. Nashika nywele, navuta, hakuna kinachovutika. Nilimaliza, lakini ukikitazama kile kichwa toka kulia kwenda kushoto unausoma ugonjwa wangu. Mistari ya asubuhi imekaza na njia zimenyooka. Ya adhuhuri inapinda. Ya mchana imelegea, unaweza kupitisha kidole.

Mwalimu akajitazama. "Pamependeza," akasema huku anatazama sakafu.

Wifi hakusema kitu. Heri angesema kitu. Nilikwenda chooni nikalia, na hata kulia kwangu siku hizi kunachoka katikati.

Sina kingine ninachokijua. Sikusoma sana, sina shamba, sauti yangu haiimbi. Mikono hii ndiyo mimi, na ikiondoka sijui atabaki nani. Nimeandika hivyo nikaogopa, lakini sifuti.

Shukrani ya leo: mwalimu amejifanya hajaona.

27 Machi

Nimekutana na mwalimu dukani, ananunua sabuni. Nikazunguka nyuma yake, kwa mazoea tu, kukagua kazi yangu. Upande wa kulia, mimi. Upande wa kushoto, mistari imekaza vizuri kabisa, na si mimi.

Wifi yangu anatumia mkono wa kushoto. Msuko wake unajikunja kwa upande wa pili. Mteja haoni tofauti, lakini msusi anaiona hata akiwa ng'ambo ya barabara. Wifi amefumua kazi yangu akairudia, na hajaniambia.

Nilirudi saluni nikafanya kazi bila neno. Baadaye akauliza, "Wifi, umeninunia?"

"Ni uso tu. Si unajua hautabasamu."

Ugonjwa huu una faida zake, unaweza kununa mchana kutwa na usidaiwe maelezo.

Shukrani ya leo: sabuni ilikuwa bei ya zamani.

31 Machi

Nimeona vichwa vingine viwili. Upande mmoja wangu, upande mmoja wake. Kumbe ananifuata nyuma nyuma anafagia. Atakuwa anawaambia wateja, njooni kwangu jioni, yule amekwisha. Na kichwa chake mwenyewe amekificha kwa kitambaa, hataki hata kuniomba nimsuke. Zamani hakuna mkono mwingine uliogusa kichwa chake. Nimeelewa, haamini tena mkono wangu, hana haja ya kunitangazia.

Shukrani ya leo: hakuna. Nitatafuta kesho.

1 Aprili

Ya jana nimeipata: Kimya alipika supu. Chumvi ilizidi lakini alipika.

4 Aprili

Mafua. Jua kali. Leo ni Jumamosi saluni itajaa. Kalamu nzito

21 Aprili

Nimeomba daftari. Nipo hospitali bado, wodini sasa, si kule kwa mashine. Mkono unaandika polepole lakini unaandika, na yapo mambo ambayo nisipoyaandika leo nitakuwa mtovu wa shukrani.

Ile Jumamosi bati la saluni lilikuwa linachemka. Mafua yalishashuka kifuani. Nilikunywa chai ikatokea puani. Nikataka kumwambia wifi, sauti ikatoka nyembamba, yote ya puani, maneno hayana mifupa. Kisha shingo ikaacha kazi. Kichwa kikaanguka mbele, kidevu kikagonga kifua, na sikuweza kukiinua. Hewa ikawa inaingia kidogo na kutoka kidogo. Akili ilikuwa timamu kabisa. Nikaelewa kwamba kinachovuta hewa nacho ni msuli, na kimechoka kama wenzake.

Wifi alikuwa amefika nusu ya kichwa cha mke wa fundi saa. Alitupa chanuo. Sikumwona, nilikuwa natazama mapaja yangu, lakini nilisikia chanuo likigonga ukuta, kisha viatu vyake vikija. Alitoka barabarani akasimamisha teksi kwa kusimama mbele yake. Dereva alifoka, akafokewa zaidi.

Ndani ya gari aliniegemeza kwake, akaweka kiganja chake cha kushoto chini ya kidevu changu, akakiinua kichwa. Hewa ikapata njia.

"Mimi nimeshika kichwa, wifi. Wewe vuta hewa tu. Kazi yako ni hiyo moja."

Nikavuta.

"Tena. Usinifanyie uvivu leo. Tena."

Foleni ilikuwa ndefu, lori limekwama kwenye tope la mvua za nyuma. Yeye kashika tu. Baada ya muda nilianza kuusikia mkono wake unatetemeka chini ya kidevu changu. Dereva akamwambia abadilishe mkono. "Nikibadilisha kitaanguka," akasema. Hakubadilisha. Mimi najua kuliko mtu yeyote katika mji huu jinsi mkono unavyochoka ukiwa umenyanyua kitu. Ule mkono ulichoka, nikausikia ukichoka, na haukushuka mpaka mlangoni mwa hospitali.

Mke wa fundi saa naye alikuja, sijui alipandaje. Nusu ya kichwa imesukwa, nusu imesimama wima. Wahudumu walipotoka na kitanda cha magurudumu walimkimbilia yeye.

Baada ya hapo sina habari ya kutosha. Mashine ilinipumulia. Damu yangu ilizungushwa kwenye chombo, wakatoa zile kingamwili zilizokosea, wakanirudishia iliyobaki. Nilikuwa na mpira kooni, siwezi kusema, na Kimya akagundua kwamba mtu asiyeweza kujibu ni msikilizaji mzuri. Aliongea! Amenieleza habari za pampu zote za mji, ugomvi wake na fundi mwenzake, jinsi alivyoniona mara ya kwanza na alichotaka kusema akashindwa. Nimeolewa na huyu mtu miaka yote hii bila kujua ana maneno mengi hivyo. Mpira ulipotolewa alinyamaza tena, kama redio iliyokatiwa umeme.

Shukrani ya leo: kiganja cha kushoto cha wifi yangu.

24 Aprili

Mwalimu amekuja kunitazama, kaleta ndizi. Tumeongea hili na lile, kisha akaweka mkono kichwani kwake.

"Niliapishwa nisiseme. Lakini umelala hapo, nikikaa nalo litaniumiza."

Akasema ile siku niliyomsuka, jioni, mvua imerudi kwa nguvu, alisikia hodi. Wifi yangu, amelowa mpaka kitambaa kinachuruzika, chanuo ndani ya mfuko wa nailoni.

"Nikamuuliza, mvua yote hii, kuna msiba? Akasema, 'Hapana, nimekuja kumalizia mistari. Wifi yangu amechoka mchana, si kosa lake. Kesho utakwenda shule, watu watauliza nani kakusuka. Sitaki waseme mkono wake umeharibika.' Nikamwambia hakuna shida, mimi nimeridhika. Akasema, 'Wewe umeridhika, mji haujaridhika. Kaa chini.'"

Na wale wengine vilevile. Nyumba kwa nyumba, jioni kwa jioni, kwa miguu. Hakumchukua mteja hata mmoja. Alikuwa anafunga nyuzi nilizoacha wazi ili jina langu libaki pale lilipo.

Nilimnunia mtu huyu wiki nzima kwa uso wa bure. Alipokuja jioni nikamshika mkono nikashindwa kuanza.

"Mwalimu kasema, eh?" akauliza. "Walimu hawafai kupewa siri. Kula ndizi."

Shukrani ya leo haitoshi kwenye karatasi hii.

8 Mei

Nguvu zinarudi kidogo kidogo. Taratibu amekaa kitandani kwangu kueleza upasuaji.

"Mkiitoa hiyo tezi, nitapona?"

"Utapata nafuu, naamini. Lakini si siku hiyohiyo. Tezi ndiyo mahali pa mkutano, lakini chembe zenyewe zinahama. Baadhi zimeshatoka, zimekwenda kukaa ndani ya mifupa, kwenye uboho, na huko zinaishi muda mrefu zikitengeneza kingamwili zilezile. Ndiyo maana utaendelea na dawa. Inaweza kuwa miezi. Wengine miaka."

Nikamwambia, "Ni kama saluni. Ukiifunga, umbea hauishi siku hiyo. Waliokwishausikia wameondoka nao nyumbani kwao."

"Lakini?"

"Lakini hakuna tena pa kukaa kutunga mpya."

Akanitazama sana, kisha akaomba kitu. Wanataka waihifadhi tezi yangu, waikate vipande vyembamba, waone hizo chembe zinakusanyika sehemu gani hasa na zikitoka zinaelekea wapi. Akasema waziwazi kwamba hawajui yote. Nikamwambia aichukue, mimi nimekaa nayo vya kutosha. Ila nikaweka sharti moja, na mimi nizione.

Shukrani ya leo: daktari anayesema hajui.

12 Mei

Ni leo. Mvua kubwa, nzuri. Shukrani: wote wako mlangoni, hata mke wa fundi saa, kichwa kizima safari hii.

17 Mei

Imetoka. Kifua kinauma kila ninapocheka, kwa hiyo wifi amekatazwa wodini mpaka atakapojifunza adabu. Shukrani: amekataa kujifunza.

25 Mei

Nipo nyumbani. Kimya amepita saluni leo. Nikamuuliza kukoje. "Kuzuri." Kuna wateja? "Wapo." Kiti changu?

Akakuna kisogo. "Hakipo."

"Hakipo vipi?"

"Dirishani hakuna kiti."

Hana zaidi, huyu mtu, maneno yote aliyamaliza hospitali. Nimelala naangalia dari. Sitaki kurudia kosa la mwezi wa tatu. Mtu aliyeshika kidevu changu njia nzima hawezi kunitoa kwa kunizunguka. Lakini pia saluni haiwezi kuweka kiti kitupu milele, na yeye ana watoto. Kama ameona sitarudi, pengine ameona kitu ambacho Taratibu ananificha. Hilo ndilo linaloniuma, si kiti.

Shukrani ya leo: naweza kulala chali bila kukosa pumzi.

2 Juni

Taratibu ametimiza ahadi. Amenipeleka kwenye chumba chenye hadubini, fundi wa maabara akanirekebishia kiti. Nilifunga jicho moja, na jicho la kushoto, lile la kufunga duka mapema, ndilo nililolitumia. Lilikaa wazi.

Niliona zambarau. Vitone vya zambarau visivyo na hesabu, na katikati yake mviringo, na mviringo mwingine, vitone vimebanana humo ndani.

"Hapo kwenye mviringo ndipo zinapokutana na kufundishana," akasema. "Kwenye tezi ya mtu mzima hayo huwa hatutegemei kuyaona. Na hizo za pembeni, zilizonenepa kidogo, ndizo zinazotengeneza kingamwili."

Nilijiandaa kuzichukia. Toka Machi nimezitukana kila asubuhi nikinyanyua chanuo. Lakini zilikuwa ndogo mno, na zilikuwa mimi. Hakuna aliyezituma. Zilidhani zinanilinda, zikakusanyika usiku na mchana kwa bidii, zikakosea tu. Mtu wa karibu akikosea hivyo unamkanya, humtupi. Nikazishukuru kwa nia, nikaziomba zilizobaki mifupani zipunguze kelele.

"Umeongea nazo?" Taratibu akauliza.

"Kidogo."

"Na mimi huwa naongea nazo," akasema, na hakuwa anatania.

Shukrani ya leo: macho mawili.

15 Juni

Nimerudi saluni. Si kufanya kazi, kutazama tu, ndivyo nilivyojidanganya. Manyunyu yalikuwa ya mwisho mwisho. Nilisimama mlangoni, nikatazama dirishani kabla ya kusalimia.

Kiti kipo. Ila si kiti tena. Ni kile kile, mbao ile ile, mkwaruzo ule ule pa kuwekea mkono, lakini kimekaribia sakafu. Muuza viatu alikuwa amekikalia, magoti yako karibu na masikio.

"Usicheke," wifi akasema. "Cheka baadaye."

Kumbe alimuuliza Taratibu kule wodini ni kazi gani inayonichosha zaidi. Akajibiwa, mikono kukaa juu. Wifi akafikiri: kama mikono haiwezi kupanda, basi kichwa kishuke. Akampelekea seremala kiti, akamwambia apunguze miguu kiasi cha mimi kukaa kwenye stuli na kusuka viwiko vikiwa mapajani. Seremala akakata, kiti kikayumba. Akakata mguu mmoja kukisawazisha, kikayumba upande wa pili. Akasawazisha na huo. Kilikaa huko wiki nzima kikipungua.

"Nilipofika kukichukua," wifi akasema, "alikuwa ameshika msumeno tena. Nikamwambia, kaka, acha, kitakuwa mkeka."

Nilicheka mpaka mshono ukalalamika. Kisha nikalia, safari hii bila kuchoka katikati. Wifi akaniambia nikae kwenye stuli, na muuza viatu, bila kuulizwa, akasogea nyuma mpaka kichwa chake kikafika mikononi mwangu. Nilimsuka mistari miwili. Mikono haikupanda popote.

"Sasa hivi unatabasamu au umekasirika?" akaniuliza kwenye kioo.

Shukrani ya leo: seremala asiyejua kuacha.

22 Juni

Mistari minne. Vidonge vimepunguzwa kidogo. Shukrani: minne.

30 Juni

Siku mbaya, jicho limelala toka asubuhi. Taratibu alisema zitakuwepo. Wifi amemalizia kichwa nilichoanza, mbele yangu, mchana kweupe, na mteja ametoka na mkono wa kulia upande mmoja na wa kushoto upande wa pili. Amesema ataanza kuomba hivyo makusudi. Shukrani: hatufichani tena.

11 Julai

Mvua zimekwisha. Jua la leo lilikuwa lile lile la Aprili, bati linachemka, Jumamosi tena. Asubuhi wifi alifunga mlango, akageuza kibao kiseme tumefunga, akaenda kukaa kwenye kiti cha dirishani, magoti kwenye kidevu.

"Una nini?" nikamuuliza.

Akafungua kitambaa. Sikuwahi kukiona kichwa kile katika hali ile. Nywele zimesongana, zimesimama kila upande, na chini kabisa mabaki ya njia nilizochora mwenyewe kabla mvua hazijaanza.

"Wifi! Msusi mzima! Mbona hukwenda kwa mwingine?"

"Kichwa changu kina mwenyewe," akasema. "Mwenyewe alikuwa anaumwa. Sasa utasuka, au utanihoji?"

Nilichana kwanza, na hiyo peke yake ilikula nusu ya asubuhi. Nikaanzia kulia. Mistari mikubwa, ya kawaida, hakuna ufundi wa kujionyesha. Nikawa nasuka na kupumzika. Alipotaka kuongea niliinamisha kichwa chake nikamwambia anyamaze. Adhuhuri nikameza kidonge. Jua likasogea, likaingia dirishani, likanikalia mabegani. Nilikuwa nausubiri ule mchana kama mtu anayemsubiri mdai, nikisikiliza vidole, na vidole vikaendelea.

Ulibaki mstari mmoja, nyuma ya sikio la kushoto. Nikashika nywele, nikavuta.

"Aaaii! Wifi!" Akaruka kwenye kile kiti kifupi. "Unataka kuning'oa ubongo?"

Nikaacha. Nikajaribu kupitisha kidole chini ya msuko. Hakikupita.

"Umeuma?"

"Umeuma sana," akasema, machozi yanamshuka mpaka kidevuni, na hakuyafuta. "Endelea."

Shukrani ya leo: nimemliza wifi.